Vichochoro vya Xiguan, Guangzhou: mwongozo wa kutembea kwa wanaotoka Mwanza

Anayetoka Mwanza kwenda Guangzhou kufunga mzigo hakosi kubakiwa na siku moja au mbili zisizo na kazi. Kiwanda kinasubiri pesa iingie, kontena halijajaa, au wakala bado anahangaikia karatasi. Wengi huzimalizia siku hizo Xiaobei, eneo la Guangzhou wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, kati ya hoteli na migahawa. Kumbe vituo vinne tu vya treni ya chini ya ardhi kutoka hapo kuna Xiguan, mtaa mkongwe wa makazi wenye vichochoro vya mawe, milango ya miti na nyumba za matofali ya kijivu. Sehemu zake zimekuwa zikivunjwa au kutengenezwa upya wakati minara ya vioo inapanda pande zote. Mwongozo huu ni wa kuutembea mtaa huo kwa miguu, kwa siku moja, bila kupotea na bila kuwakera wenyeji.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote: usitake kuuona mtaa mzima. Chagua kipande kimoja kilichozungukwa na barabara. Kizunguke chote kwa nje kwanza, kisha ingia ndani upite kila kichochoro mara mbili, kwenda na kurudi. Anayerukaruka kutoka kivutio hiki hadi kile hurudi na picha mia mbili za milango asikumbuke mlango upi ulikuwa wapi. Aliyeshika kipande kimoja huanza kusoma kuta, na baada ya hapo kichochoro chochote cha Guangzhou kinamfungukia.

Mahali penyewe

Xiguan ulikua nje ya lango la magharibi la mji wa zamani, ule uliokuwa na ukuta. Leo uko ndani ya wilaya ya Liwan. Kati ya mwaka 1757 na 1842 Guangzhou ilikuwa bandari pekee ya China ambako wafanyabiashara wa Magharibi waliruhusiwa kununua chai, hariri na kaure. Nyumba za biashara zilizoshika kibali hicho ziliitwa Shisanhang. Wanaonunua nguo za kike kwa jumla wanaijua Shisanhang kama soko. Ni jina lilelile na eneo ni lilelile. Majengo ya wageni yaliteketea kwa moto mwaka 1856, lakini utajiri wa biashara ile ulikuwa umeshaingia mitaani, na nyumba kubwa za Xiguan nyingi zilijengwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kuanzia mwaka 1918 mji ulianza kubomoa kuta zake na kufungua barabara pana. Hapo ndipo yalipojengwa maduka ya ghorofa yanayoegemea nguzo, ambayo sakafu ya juu hutokeza mbele na kufunika njia ya waenda kwa miguu. Barabara hizo za nguzo ndizo fremu ya kila kipande cha mtaa. Vichochoro viko nyuma yake.

Msimu na saa

Miezi mizuri ni Oktoba hadi Desemba. Hewa ni kavu na joto halichoshi. Maonyesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou kwa Wazungu) hufanyika mara mbili kwa mwaka, 15 Aprili hadi 5 Mei na 15 Oktoba hadi 4 Novemba, kwa hiyo anayekuja kwa maonyesho ya vuli amepata na msimu bora wa kutembea. Anayekuja ya Aprili ajiandae kwa mvua na kwa jambo moja zaidi: mwishoni mwa baridi na mwanzo wa joto, upepo wenye unyevu kutoka kusini hugusa kuta na sakafu ambazo bado ni baridi, zikatoa jasho. Siku kama hizo mawe ya kichochoro huloa bila tone la mvua. Mtu wa Mwanza aliyekulia juu ya majabali anajua granaiti iliyoloa inavyomwangusha mtu, na vichochoro vya Xiguan vimetandikwa mawe hayohayo ya granaiti, yaliyosuguliwa na nyayo kwa zaidi ya miaka mia. Vaa viatu vya soli ya mpira yenye meno. Kandambili ziache hotelini. Julai hadi Septemba ni wakati wa vimbunga. Tangazo la kimbunga likitoka, usiende, kwa sababu vigae vya paa na vyungu vya maua vilivyo juu ya kuta huanguka moja kwa moja njiani.

Kwa saa, ingia saa moja na nusu asubuhi. Watu wanatoka sokoni na mboga, wazee wanakaa nje, milango iko wazi, na mwanga unaingia kwa pembeni ukionyesha kila alama ya matofali. Kuanzia saa sita hadi saa nane mchana wengi hupumzika. Kichochoro kikiwa kimya wakati huo, nawe nyamaza au toka barabarani ukale. Saa tisa hadi kumi na moja ni nafasi ya pili. Usiku hatushauri kwa anayekwenda mara ya kwanza. Usalama si tatizo, ila milango hufungwa na huoni kitu.

Vya kubeba, na kwa nini ramani hukosea

Pasipoti yenyewe iwe nawe. Sheria ya China inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 16 au zaidi awe nayo kila anapokwenda, na nakala ya simu haitoshi polisi akikuomba. Ukiwa umelala kwenye nyumba ya mtu badala ya hoteli, hakikisha mmejiandikisha polisi ndani ya saa 24, kwa sababu swali hilo hufuata palepale. Chukua kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina. Beba maji, mwavuli mdogo, karatasi ya chooni (vyoo vya umma ni vingi na ni bure, lakini karatasi mara nyingi hakuna) na noti ndogo za yuan 5, 10 na 20. Malipo mengi ni ya kuskani kwa simu, na Alipay, programu ya malipo ya simu, inakubali kadi ya Visa au Mastercard ya nyumbani. Iunganishe kabla ya kupanda ndege, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha wa benki unaweza kuchelewa ukiwa kule. Noti ni za bibi anayeuza machungwa mlangoni kwake.

Sasa ramani, maana hapa ndipo wengi hukwama. Google haifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China. Anayetumia laini ya nyumbani kwa roaming huiona ikifunguka, akaifurahia, na hilo ndilo kosa. Ramani za China hutengenezwa kwa mfumo wao wa vipimo uliosogezwa kwa makusudi, kwa hiyo mitaa inayochorwa na alama ya setilaiti havikutani. Tofauti ni mita mia kadhaa. Barabarani utavumilia. Kichochoroni, ambako mita hamsini ni mtaa mwingine, utazunguka bure. Tumia Amap, programu ya ramani ambayo Wachina huiita Gaode. Pakua ramani ya Guangzhou kabla, ukiwa na Wi-Fi. Wala usimtumie mwenzako alama ya mahali iliyotoka Google aifungue kwenye Amap. Kosa linahamia huko.

Hata Amap huyumba ndani ya vichochoro. Mawimbi ya setilaiti hugonga kuta ndefu na kurudi, na kidoti cha buluu hurukia nyumba ya tatu. Kwa hiyo simu itumie kujua uko katika kipande gani tu. Uko kichochoro gani, soma ukutani.

Kujua ulipo bila mlima wala ziwa

Mtu wa Mwanza hupata mwelekeo kwa mteremko bila hata kuwaza. Ukiwa Igogo, Mabatini au Isamilo umepotea, shuka tu: utafika barabara kubwa, Mto Mirongo au ziwa. Guangzhou hii mbinu haipo. Xiguan ni tambarare kabisa, na Mto Zhujiang ulio kusini na magharibi mwake hauonekani mpaka uufikie. Ndiyo maana watu wenye akili zao hutoka kwenye kichochoro upande uleule walioingilia wakidhani wamevuka.

Mbinu ya kwanza ni jua, lakini lisome upya. Mwanza iko kusini kidogo ya ikweta, na jua la mchana huwa karibu na utosi. Guangzhou iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, kwa hiyo karibu mwaka mzima jua la mchana hukaa upande wa kusini, na Oktoba hadi Desemba limeinama wazi. Mchana huwa kamili karibu saa sita na nusu kwa saa ya huko. Kwenye kichochoro chembamba hutaliona jua lenyewe. Tazama juu ya kuta. Karibu na saa hiyo, ukuta unaopigwa na mwanga juu ndio ulio upande wa kaskazini, na ulio gizani ni wa kusini.

Mbinu ya pili ni vibao. Huhitaji kujua Kichina. Zijue herufi chache za mwisho wa jina. 路 ni barabara ya magari. 街 ni mtaa, 巷 ni kichochoro, 里 na 坊 ni vijitaa vya ndani ambavyo mara nyingi havina pa kutokea. Kuna mtego: 大街 ingetarajiwa kuwa mtaa mkubwa, na katika miji mingine ndivyo, lakini katika mitaa ya zamani ya Guangzhou inaweza kuwa kichochoro cha pima moja na nusu. Namba za nyumba ni witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili. Nyumba iliyogawanywa huwa na namba ya pili baada ya ile kuu.

Mbinu ya tatu ni kutambua kichochoro kilichoziba kabla hujafika mwisho wake. Kama nguo zimeanikwa kwenye mianzi inayovuka njia kwa urefu wa kichwa, kama kiti cha uvivu kiko katikati ya mawe na hakuna alama za matairi, ujue mbele hakuna njia. Huo ni ua wa watu. Geuka mapema, ukifika mwisho utakuwa umesimama mbele ya mlango wa jiko la mtu bila sababu.

Ukichanganyikiwa kabisa, shika mkono wa kulia na ukunje kulia kila unapopata njia inayopitika. Ama utarudi ulipoanzia, ama utatokea chini ya paa la maduka ya nguzo, na hapo umeshafika barabarani. Unaweza kujizoeza nyumbani kwa nusu saa: ingia vichochoro vya Kirumba, ujikataze kutazama ziwa na majabali, utoke kwa jua na kuta pekee.

Njia ya siku moja

Kutoka Xiaobei panda metro ya namba 5 uelekeo wa Jiaokou. Utapita kituo cha treni cha Guangzhou, Xicun na Xichang, shuka Zhongshanba. Nauli za metro huanzia yuan 2. Tembea kusini hadi bustani ya ziwa la Liwan na ufuate mfereji wa Lizhiwan. Mfereji huu ulikuwa umefunikwa ukafanywa barabara. Ulifunuliwa tena mwaka 2010 kabla ya Michezo ya Asia iliyofanyika Guangzhou mwaka huo. Anza hapa, kwa kuwa njia ya maji inaonyesha wenye fedha walivyopenda kujenga: mbele maji, nyuma vichochoro.

Karibu na mfereji kuna mtaa wa Fengyuan Beijie, na namba 84 ni Makumbusho ya Liwan. Ingia hapo kabla ya kitu kingine chochote. Nyumba za watu utaziona kwa nje tu. Hapa utaona ndani yake, na utajua nyuma ya kila mlango unaoupita baadaye kuna nini. Tazama hasa ua mdogo ulio wazi juu, unaoshusha mwanga na mvua katikati ya nyumba, na madirisha ya miti yenye vioo vya rangi. Vioo hivyo kwa nje ni vyeusi na havivutii. Rangi zake huonekana kwa ndani, mwanga ukipita.

Kisha shuka kwa Longjin Xilu hadi Enning Lu, barabara ya maduka ya nguzo. Sikiliza nyundo: hapa bado kuna mafundi wanaofua birika na sufuria za shaba mbele ya maduka yao. Kipande tunachokupendekezea ukishike ni pembetatu iliyo kati ya Enning Lu, Duobao Lu na Baohua Lu. Kizunguke kwanza. Hesabu midomo ya vichochoro na upige picha ya kibao cha kila kimoja kwa mpangilio, kimoja baada ya kingine. Hizo picha za vibao ndizo zitakazokuambia baadaye picha nyingine zilipigwa wapi. Baada ya hapo ingia.

Ndani ya pembetatu hiyo kuna Yongqing Fang, sehemu iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa mwaka 2016. Ina mikahawa, vioo vipya na watu wengi. Wapo wanaoidharau, lakini ipitie, kwa sababu ukuta uliosafishwa hukufundisha jinsi matofali yalivyokuwa yakipangwa. Namba 13 ya Yongqing Yixiang ilikuwa nyumba ya Li Haiquan, mwigizaji wa opera ya Kikantoni na baba yake Bruce Lee. Waliomjua Bruce Lee kwenye vibanda vya video vya Kirumba na Igoma watapenda kufika, ila wasidhani alikulia pale: alizaliwa San Francisco mwaka 1940 na kukulia Hong Kong. Usikae Yongqing Fang zaidi ya saa moja. Hatua chache kando yake kuna vichochoro vinavyokaliwa na watu, na ndivyo ulivyovijia.

Ukimaliza, fuata Baohua Lu hadi Dishifu Lu na Shangxiajiu, kisha Hekalu la Hualin na soko la vito vya jade linalolizunguka, na umalizie Shisanhang. Kwa mwendo wa kusimamasimama, njia yote ni saa tano au sita pamoja na chakula.

Kusoma mlango na ukuta

Simama mbele ya nyumba moja ya zamani, upande wa pili wa kichochoro, ili usizibe njia. Anza chini. Msingi ni mapande ya granaiti, wakati mwingine hadi kiunoni. Juu yake ni matofali ya kijivu yanayoelekea buluu, yaliyosuguliwa kwa maji hadi yakawa laini, na mshono kati ya tofali na tofali ni mwembamba kiasi kwamba kucha haiingii. Ukuta wa namna hii ni wa enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China. Ukikuta matofali mekundu, lipu iliyochorwa maua na roshani yenye nguzo za Kizungu, uko miaka ya 1920 na 1930. Zege lililobandikwa vigae vidogo vyeupe na kufungiwa vizimba vya chuma madirishani ni la miaka ya 1980 na 1990. Mara nyingi zote tatu ziko kwenye nyumba moja, moja juu ya nyingine, na hapo unasoma historia ya familia bila kuambiwa.

Mlango wa Xiguan ni milango mitatu. Wa nje kabisa ni mwepesi na haufiki juu. Unazuia macho ya mpita njia. Wa pili ndio ulioupa mtaa sifa: fremu ya fito nene za mviringo zilizolazwa kama ngazi, idadi yake ni witiri, na haufunguki kwa bawaba bali huvutwa kando juu ya reli. Wa tatu ni mbao nzito, unaofungwa usiku. Mchana wa joto familia hufungua ule mzito na kuvuta ule wa fito: upepo unaingia, mwizi haingii, na mama anaona anayepita. Tazama fito zilizo usawa wa mkono. Upande unaoshikwa na mkono kila siku umeng'aa na kuwa mweusi, na jiwe la kizingiti lina mfuo mahali reli inapopita. Mlango ambao fito zote zina rangi sawa na vanishi ileile ni mpya, hata kama umetengenezwa kwa mtindo wa kale.

Nyumba nyingi hapa ni nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma: mita tatu hadi tano kwa upana, na ndani zinaendelea mbali. Kiwanja kilikuwa ghali upande wa mtaani, kwa hiyo watu walijenga kwenda nyuma na kuutoboa ule ua mdogo wa katikati ili vyumba vipate hewa. Kati ya nyumba kubwa na jirani yake utaona upenyo wa mtu mmoja, wenye kivuli siku nzima. Usidhani ni nafasi iliyosahauliwa. Umeachwa makusudi: hewa yake baridi huvutwa ndani ya nyumba, na moto ukizuka hauvuki kirahisi.

Halafu hesabu mita za umeme. Baada ya mwaka 1949 nyumba kubwa nyingi ziligawanywa kwa familia nyingi. Mlango mmoja mkubwa wenye mita nane ukutani ni kaya nane nyuma yake, pengine zinachangia jiko. Mlango wenye mita moja iliyosimama na vumbi juu ya kufuli ni nyumba tupu. Hakuna mwongozaji atakayekueleza hali ya kichochoro haraka kuliko mita zake.

Chini kando ya kizingiti kuna kibao kidogo chekundu chenye herufi za dhahabu na kikopo cha udi. Hapo ni mahali pa ibada ya mlinzi wa mlango. Siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo utakuta udi mwingi na matunda. Usiruke juu yake, usiweke begi hapo, usisogeze chochote ili upate picha nzuri.

Watu

Kosa kubwa la wageni ni kuinua simu kabla ya salamu. Mwanza hupiti uani kwa watu bila hodi na shikamoo, na kule vivyo hivyo. Asubuhi wazee huamkiana "jou-san". Ukitaka kupita au kushukuru sema "m-goi", na hiyo m itamke peke yake kama katika "mgeni". Hayo ni ya Kikantoni, lugha ya mtaa. "Nihao" inaeleweka, ila "jou-san" ikitoka kwa Mtanzania hufungua nyuso. Wengine watakukodolea macho kwa muda mrefu. Salimia kwanza, kwa kichwa na tabasamu, na endelea polepole.

Ukitaka kupiga picha ya mlango ulio wazi, mwonyeshe mwenyewe simu, onyesha mlango kwa kiganja, subiri. Kiganja kikipungwa kushoto na kulia ni hapana, na hapana haijadiliwi. Ndani ya nyumba usipige bila kukaribishwa. Watoto usiwapige kabisa. Mzee aliyevaa kitambaa chekundu mkononi akikuuliza unafanya nini, ni mtu wa kamati ya mtaa. Mwonyeshe picha ulizopiga na useme "Tanzania". Kundi lisizidi watu watatu. Watu sita katika kichochoro cha pima moja ni msongamano.

Tahadhari moja ya mwili: pikipiki za umeme hazina sauti. Kamwe usirudi nyuma huku unatazama simu ili upate picha pana. Geuza kichwa kwanza, ndipo urudi. Na uangalie nyaya za kuchajia zinazoning'inia madirishani, hasa siku ya mvua.

Kula

Kwa asiyekula nguruwe, vichochoro hivi vinahitaji uangalifu. Supu ya tambi na wontoni (vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani) kwa kawaida ina nyama ya nguruwe hata pale panapoonekana kamba tu, na mafuta ya nguruwe hutumika jikoni bila kutajwa. Tafuta herufi 清真, maana yake halali. Usipoziona, kula Xiaobei kabla ya kutoka. Kinachofaa wote ni shuangpi nai, maziwa ya nyati yaliyogandishwa kwa ute wa yai na sukari, ya moto au baridi. Vinywaji vya mitishamba vinavyouzwa kwa bakuli ni vichungu kama mwarobaini. Bakuli moja dogo linatosha.

Herufi nyekundu ukutani

Ukikuta 拆 imeandikwa kwa rangi ukutani, mara nyingi ndani ya duara, nyumba hiyo imepangiwa kuvunjwa. Usiingie hata kama mlango uko wazi. Katika nyumba zilizohamwa, boriti na fremu za milango mara nyingi zimeshang'olewa zikauzwe, na bila hizo ghorofa ya juu haina kinachoishikilia. Piga picha kwa nje, kwa mpangilio huu: kibao cha namba, uso mzima wa nyumba, mlango, kisha kichochoro kutoka pande zote mbili. Pima upana wa njia kwa pima ya mikono yako na uandike. Mwakani ukirudi kwa mzigo mwingine, simama palepale upige tena. Jozi kama hizo za picha zina thamani kuliko picha mia za kupendeza, na wakazi wa zamani wakionyeshwa kwenye simu husimama na kuzungumza.

Ukiwa na siku ya pili, na kazi yako iko Gangding kwenye kompyuta na vifaa vya simu, ingia kijiji cha Shipai kilicho jirani. Hii ni aina nyingine kabisa: kijiji cha wakulima kilichomezwa na mji, ambako wenyeji walipandisha ghorofa juu ya viwanja vyao hadi jirani wakaweza kushikana mikono madirishani. Hakuna milango ya fito wala granaiti. Kuna vyumba vya kupanga, mafundi na giza la mchana. Kijiji cha Liede, kilichokuwa cha namna hiyo, kilivunjwa kabla ya michezo ya 2010 na leo ni majengo marefu. Usichanganye aina hizi mbili katika kumbukumbu zako. Tengeneza folda mbili.

Kurudi Xiaobei kutoka Shisanhang, ingia kituo cha Wenhua Gongyuan, panda metro ya namba 6 hadi Ouzhuang, ubadilishe kwenda namba 5. Xiaobei ni kituo cha pili. Kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni treni hizo hujaa kabisa. Mwenye mfuko wa nguo aondoke kabla ya saa kumi na moja, au anywe chai na kusubiri saa mbili usiku.